Leva iliyogoma baada ya risasi ya tano: uchambuzi wa kisa cha bunduki ya mtindo wa 1873

Bunduki inayozungumziwa hapa ni nakala ya kisasa ya Winchester ya 1873, iliyotengenezwa kwa risasi za .357 Magnum. Mwenye nayo ni mzee wa Kikenya aliyestaafu na kuishi Texas, mshiriki wa mashindano ya kulenga shabaha kwa silaha za enzi za makauboi. Alinipigia simu kwa sababu kazi yangu ni mitambo na anajua naipenda mashine ya aina hii, na tatizo akalieleza kwa kifupi: "Mwanangu, risasi tano za mwanzo zinakwenda vizuri kabisa, halafu leva inagoma." Leva ni ule mkono wa chuma chini ya bunduki unaosukumwa chini na kurudishwa ili risasi nyingine iingie.

Katika mashindano hayo mshindani huingiza risasi kumi kwenye magazini, anaanza chemba (mahali risasi inapokaa ikifyatuliwa) ikiwa tupu, na hushindana na saa. Leva ikigoma katikati, raundi imeharibika. Ila kilichomsumbua mzee zaidi ni kwamba tatizo halikuwa la kila mara. Angeweza kumaliza kumi bila shida, akashangilia, na raundi inayofuata ikakwama kwenye ya sita au ya nane. Kwenye ya kwanza au ya pili haikukwama kamwe. Nilipomsikia akilisema hilo nikalishika, maana tatizo linalochagua mahali pa kutokea limeshasema nusu ya sababu yake.

Nilimuuliza, "Mzee, umebadilisha nini?" Akanitajia orodha ndefu: springi mpya ya magazini, springi nyepesi za leva, viungo vifupi vya kupunguza mwendo wa leva (washindani wengi huviweka), skrubu zote zimekazwa, lifti (kipande kinachopandisha risasi) imeng'arishwa. Fundi mmoja alikuwa amemshauri hatua inayofuata iwe kupiga tupa mdomo wa lifti. Risasi hakuzitaja hata moja, ilhali huzitengeneza mwenyewe gereji kwake.

Hapo inabidi tuifungue bunduki kidogo, kwa sababu bila kuona inavyofanya kazi kisa chote hakieleweki.

Magazini ya 1873 ni bomba lililolala chini ya mtutu. Risasi hupangwa humo moja nyuma ya nyingine, na springi iliyo upande wa mdomo wa bunduki huisukuma safu nzima kuelekea nyuma. Mwishoni mwa bomba, ndani ya bodi, kuna kipande kizito cha chuma au cha shaba chenye tundu linaloweza kubeba risasi moja. Mimi nakiita lifti kwa sababu ndivyo kinavyokwenda: kinapanda wima na kushuka wima, hakiinami. Leva ikifungwa, lifti iko chini na tundu lake limetazamana na bomba. Risasi moja inaingia ndani yake, inayofuata inabaki mlangoni mwa bomba. Ukisukuma leva chini, bolti, chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, inarudi nyuma ikiwa imeshika ganda lililokwisha kutumika kwa kucha yake, na karibu na mwisho wa safari ya leva, mkono mdogo unaipandisha lifti pamoja na risasi iliyomo mpaka iwe sawa na chemba, huku ganda tupu likirushwa juu. Ukirudisha leva, bolti inaisukuma ile risasi iingie chemba, na lifti inashuka kupokea nyingine.

Sasa jiulize: ni kitu gani kinachoizuia risasi ya pili isiingie kwenye lifti pamoja na ya kwanza? Hakuna kizuizi. Hakuna ulimi wa chuma wala springi iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kinachoizuia ni urefu wa ile risasi ya kwanza. Imejaza tundu la lifti kutoka ukuta wa nyuma hadi mlango wa mbele, kwa hiyo ya pili haina nafasi. Ikiwa ya kwanza ni ndefu mno, ncha yake inabaki ndani ya bomba na lifti haiwezi kupanda. Ikiwa fupi mno, makalio ya risasi ya pili yanaingia kwenye lifti, na lifti inapotaka kupanda mdomo wake wa chini unagonga ukingo wa risasi hiyo. Mdomo huo una mteremko mdogo wa kusaidia kuirudisha risasi ya pili ndani ya bomba pale inapokuwa imechungulia kidogo. Ikichungulia kupita mteremko, leva inasimama.

Huo ni urithi wa zamani. Benjamin Tyler Henry alitumia mpango huu kwenye bunduki yake ya 1860, ukaendelea kwenye Winchester ya 1866 ambayo ilipata kidirisha cha kuingizia risasi ubavuni, kazi ya Nelson King, kisha ukafika kwenye ya 1873 yenye bodi ya chuma. Na usidhani ni mpango dhaifu. Mwaka 1877, kule Plevna nchini Bulgaria, askari wa jemadari wa Kituruki Osman Pasha waliwamiminia Warusi risasi kwa Winchester za 1866 wakiwa ndani ya mahandaki, na mpango ulikuwa huuhuu. Siri yake ni kwamba kiwanda kilitarajia bunduki ile ile kulishwa risasi ile ile yenye urefu ule ule. Bunduki na risasi vilibuniwa pamoja.

Na hapa ndipo namba zinapokuwa tamu. Risasi ya .44-40, ambayo 1873 ilizaliwa nayo, ina urefu wa juu kabisa wa takriban milimita 40.4. Ya .357 Magnum, iliyokuja mwaka 1935, nayo ina urefu wa juu wa milimita 40.4. Ndiyo maana waliotengeneza nakala za kisasa waliweza kuiweka .357 kwenye mashine ya karne ya 19 na ikakaa vizuri. Lakini .38 Special, ambayo kila bunduki ya .357 huweza kuifyatua, ina ganda la milimita 29.3 dhidi ya 32.8 za .357, na urefu wake wote unaishia milimita 39.4. Hiyo ni ikiwa imetengenezwa kwa urefu wa juu. Anayetengeneza mwenyewe anaweza kuifanya fupi zaidi bila kukusudia, na chemba haitalalamika hata kidogo. Atakayelalamika ni lifti.

Mzee alikuwa anatumia .38 Special. Ni bei nafuu, teke lake ni dogo, na ana maganda ndoo kwa ndoo.

Tulianza kwa kuitoa bunduki kwenye lawama, kwa sababu ilikuwa imeshalaumiwa sana. Uzuri wa 1873 ni kwamba ukifungua skrubu moja, mabamba mawili ya ubavuni yanatoka na unaona viungo, mkono wa lifti na springi zake vyote vikifanya kazi mbele ya macho yako. Tuliipitisha risasi za mazoezi zisizo na baruti wala fataki (kile kidonge cha makalioni kinachoiwasha baruti), polepole, huku mabamba yakiwa yametolewa. Lifti ilipanda na kushuka bila kusita. Vile viungo vifupi nilikuwa navishuku, kwa sababu ukipunguza mwendo wa leva unabadilisha pia wakati lifti inapoanza kupanda, na kazi mbaya hapo huleta ukwamaji wa kweli. Havikuwa na tatizo. Springi ya magazini ilikuwa na nguvu, bomba safi. Kisha mzee akaenda uwanjani na boksi la .357 za kiwandani na boksi la .38 za kiwandani, zote zenye kichwa bapa (kichwa ni kile kipande cha mbele kinachoruka kwenda shabaha), akazimaliza zote bila bunduki kugoma. Kwa mtu aliyekuwa tayari kupiga tupa, hilo lilipaswa kutosha.

Jambo la usalama nilitaje hapa kwa sababu ni sehemu ya kisa. Leva inapogoma hivi, bomba bado limejaa risasi hai, na mkono wa mtu aliyekasirika hutaka kulazimisha. Usilazimishe. Mdomo wa bunduki ubaki umeelekea kwenye kinga ya risasi, kidole kitoke kwenye kifyatulio, na msimamizi wa uwanja aitwe. Ukilazimisha leva unaweza kuupinda mkono wa lifti, na hapo utakuwa na tatizo la pili juu ya la kwanza. Kwenye ukwamaji wa risasi fupi kuna njia ya upole: unarudisha leva kidogo lifti ishuke, unafungua kidirisha cha ubavuni, na kwa kijiti chembamba cha mti unaisukuma risasi iliyo ndani ya lifti mbele kidogo, mpaka ncha yake iwe sawa na mlango. Ikienda mbele, ile ya pili inarudi ndani ya bomba, na lifti inapata njia. Mzee alipojaribu hivyo mara ya kwanza leva ikafunguka bila nguvu yoyote, na kwangu huo ulikuwa ushahidi mkubwa kuliko kipimo chochote. Kama tatizo lingekuwa risasi ndefu, kuisukuma mbele kungelifanya liwe baya zaidi.

Basi tukajua ni fupi. Lakini kwa nini tano za mwanzo zipite?

Risasi zilizobaki kwenye boksi lake tulizipima kwa venia, kifaa cha kupimia urefu mdogo. Zilikuwa za urefu unaokaribiana, chini kidogo ya milimita 38, na bunduki ilizikubali zilipopitishwa kwa mkono. Kama ningeishia hapo ningesema risasi hazina kosa. Nikamwomba afanye jambo moja: aingize kumi, afyatue tano, kisha azitoe zilizobaki na azipime kabla ya kuzirudisha kwenye boksi. Alinitumia picha, na picha ile ndiyo iliyokimaliza kisa. Kwenye uso bapa wa vichwa vya risasi zile kulikuwa na alama ya duara, imechapwa kwenye madini laini na makalio ya risasi iliyokuwa mbele yake. Nyingine alama ilikuwa hafifu. Mbili zilikuwa na duara la kina kabisa, na hizo mbili zilikuwa zimepungua urefu kwa zaidi ya milimita moja. Vichwa vyake vilikuwa vimezama ndani ya ganda.

Kilichotokea ni hiki. Kila bunduki inapopiga, inaruka nyuma. Safu ya risasi ndani ya bomba kwanza inabaki pale ilipo, maana yake kwa jicho la bomba imesogea mbele na kuibana springi. Kisha springi inairudisha safu nyuma kwa kishindo, na kila kichwa kinapigwa na makalio ya risasi iliyo mbele yake. Risasi ya kwanza kufyatuliwa haijapata kipigo hata kimoja. Ya sita imekwisha kupigwa mara tano, ya tisa mara nane. Kichwa kilichobanwa vizuri na mdomo wa ganda kinavumilia. Kilichobanwa vibaya kinazama kidogo kidogo, risasi inafupika ikiwa ndani ya magazini, na ikifika zamu yake kwenye lifti, nafasi inabaki, makalio ya nyingine yanaingia, leva inagoma.

Ndiyo maana haikukwama kamwe kwenye ya kwanza. Na ndiyo maana mtu anayepima risasi mezani hapati kitu: mezani zina urefu sahihi.

Ikabaki kujua kwa nini baadhi zinazama na nyingine hazizami, wakati zote zimetoka kwenye mashine moja. Mzee alikuwa ametumia kwa miaka vichwa vya grein 158 (grein ni kipimo cha uzito), ambavyo ni virefu na vina mfereji mwembamba ubavuni wa kupokea mdomo wa ganda. Kisha, ili kupunguza teke, akahamia vichwa vya grein 125. Hivyo ni vifupi, kwa hiyo risasi nzima ilifupika tangu mwanzo na kusogea karibu na mpaka wa uvumilivu wa lifti. Hilo peke yake lisingemsumbua, kwa kuwa alikuwa bado upande salama wa mpaka. La pili ndilo lililomsukuma upande wa pili: maganda yake ni mchanganyiko wa viwanda vingi na miaka mingi, hayajawahi kukatwa yawe na urefu mmoja. Mashine ya kubana mdomo wa ganda hupangwa kwa urefu fulani. Ganda refu likipita, linabanwa sawasawa. Ganda fupi likipita, halifiki pale mashine inapobana, na linatoka mdomo wake ukiwa umeguswa tu. Ukilitazama kwa jicho huoni tofauti. Ukilibonyeza kichwa chini juu ya meza ya mbao kwa kidole gumba, unaiona.

Kwa hiyo ukitaka hesabu ya kwa nini raundi moja inapita na nyingine inakwama, ni bahati ya maganda mafupi mangapi yameingia kwenye kumi za siku hiyo, na yamekaa nafasi gani kwenye safu.

Sasa nije kwenye tupa, kwa sababu hapa nina msimamo mkali. Kulaza mdomo wa chini wa lifti ili ikubali risasi fupi ni kazi halali. Washindani wengi wanaotumia .38 kwenye 1873 za .357 wamefanya hivyo na bunduki zao zinakwenda vizuri. Fundi aliyemshauri mzee hakusema upuuzi. Lakini kuifanya kazi hiyo kabla ya kujua kwa nini risasi zinafupika kungekuwa kosa kubwa. Lifti iliyolazwa ingezikubali zile risasi zilizozama, ukwamaji ungetoweka, na mzee angeendelea kufyatua risasi ambazo vichwa vyake vimesukumwa juu ya baruti. Nafasi ndani ya ganda ikipungua, shinikizo linapanda. Kwenye bunduki ya .357 kuna akiba kubwa: kikomo cha viwango vya Marekani kwa .38 Special ni psi (kipimo cha shinikizo) 17,000, na kwa .357 Magnum ni psi 35,000. Ila risasi hizo hizo za gereji mzee alizitia pia kwenye bastola zake mbili, na mtu mwingine angeweza kuziazima kwa bastola ya zamani ya .38 isiyo na akiba hiyo. Ule ukwamaji uliomkera ndio uliokuwa unamwonyesha kosa lililokuwa kwenye benchi lake. Kuuzima kwa tupa kungelificha kosa hilo.

Kuna mifumo mingine ya leva isiyotegemea urefu kwa kiasi hiki. Winchester ya 1892, kazi ya John Browning, na Marlin ya 1894 zinatumia kibebeo kinachoinama badala ya lifti inayopanda wima, na zina njia nyingine ya kuizuia risasi ya pili. Zina visa vyake. Kwenye mfumo wa Marlin, kwa mfano, pua ya leva husugua chini ya kibebeo, na ikichimba mfereji kwa miaka ya matumizi, kibebeo hakikai tena kwenye kimo chake na risasi ya pili huponyoka na kujibana chini yake. Dalili inafanana, leva imegoma, lakini sababu iko kwenye chuma na tiba iko kwenye chuma. Anayechukua ushauri wa mfumo mmoja na kuupeleka kwenye mwingine atapiga tupa mahali pasipohitaji. Na Winchester ya 1895, ile ambayo Theodore Roosevelt alikuja nayo Mombasa mwaka 1909 kwa risasi za .405, iliachana na bomba kabisa ikatumia magazini ya kisanduku, hivyo vichwa havigongani na makalio hata kidogo. Kwenye bomba, kichwa chenye ncha kali hakitakiwi kwa sababu ncha hukaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele yake. Mzee alilijua hilo na siku zote ametumia vichwa bapa.

Tiba yenyewe ilikuwa ya gereji. Nilimpa mzee njia mbili. Ya kwanza ni kuhamia maganda ya .357 yenye baruti kidogo, ambayo yangeirudishia lifti urefu wake karibu na ule wa asili. Ni njia safi, ila maganda hayo ni ya kununua, na baruti kidogo ndani ya ganda kubwa huleta kasi isiyolingana kutoka risasi moja hadi nyingine. Ya pili ni kubaki na .38, kurudi kwenye kichwa cha grein 158, kuyakata maganda yote yawe na urefu mmoja, na kuupanga upya ubanaji ili mdomo uingie kwenye ule mfereji. Akachagua ya pili. "Ndoo zangu za maganda nizitupe wapi?" akaniuliza, na swali lilikuwa la haki.

Kukata maganda ya .38 ni kazi ya kuchosha na wengi huiruka, kwa kuwa kwa bastola peke yake mtu anaweza kuishi bila kuifanya. Mzee aliifanya. Kisha akarudia lile jaribio la kufyatua tano na kupima tano zilizobaki. Alama ya duara kwenye vichwa bado ipo, hafifu, na haitaondoka kwa sababu vichwa ni laini na bomba ni bomba. Urefu haubadiliki. Leva haijagoma tena kwenye mashindano, na lifti haijaguswa na tupa.

Zile risasi za grein 125 zilizokwisha kutengenezwa hakuzifyatua, ingawa nilimwambia zile zisizozama angeweza kuzimaliza kwa kuziingiza moja moja kwenye chemba. Alizifungua zote kwa nyundo ya kutolea vichwa, akaokoa vichwa na maganda. Vichwa amempa mwenzake mwenye bunduki ya mtindo wa 1892, pamoja na karatasi aliyoandika kwa mkono: urefu wa ganda, urefu wa risasi nzima, na maelekezo ya kupima tena baada ya kufyatua tano.